Pete Mbili za Tundu Dogo

Jumanne, 4 Novemba

Makopo tisa leo. Jana sita. Vidole vinanuka esanse, petroli ninayooshea vyuma, hata baada ya kunawa mara tatu. Mama alisogeza sahani yake mbali na yangu.

Wiki ya tano hapa depo ya vipuri vya pompi. Bado nahesabu. Bati lilivuja juu ya rafu ya rulema, beringi za mashine, masanduku ya karatasi yakalowa, kwa hiyo nimefungua yote, nimeosha, nimekausha kwa kitambaa, nimepaka mafuta. Rulema za kawaida ni kipande kimoja, hazina matata. Zile mafundi wanazoita butée, za kubeba uzito wa mhimili uliosimama wima, zinaachana zenyewe mkononi: pete ya chuma, kikapu cha gololi, pete nyingine. Nimezipanga vizuri. Pete kwenye kopo moja, vikapu kwenye kopo jingine, namba nje kwa kalamu nyeusi. Mwalimu wangu wa darasa la pili alisema vitu vya aina moja hukaa pamoja. Kopo la namba 51206 lina pete nne. Jirani yake lina vikapu viwili. Yaani butée mbili tu za namba hiyo. Agizo jipya limekwama kwenye lori huko Sange, huu mwezi wa pili.

Ukingoni mwa pete kuna nukta ndogo zilizokwaruzwa kwa sindano. Uchafu wa Papa Zihindula, muzee aliyetunza depo kabla yangu. Nilizisugua. Hazitoki.

Directeur alipita, akatazama rafu, akasema "bien." Neno moja. Nimelibeba siku nzima.

Saa tisa Papa Murhula, fundi mkuu, alikuja kuchukua 51206 moja. Ni ya pompi ya masista wa hospitali, ile inayopandisha maji kutoka chemchemi hadi juu kwenye maternité, wodi ya wazazi. Nilimpa pete mbili za juu ya kopo na kikapu kimoja. Akasaini.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Bati limeshika.

Papa Murhula amerudi na furaha, pompi inazunguka. Alisimulia jinsi pete ya chini ilivyokataa kuingia kwenye mhimili, akaipiga kwa nyundo na kipande cha bomba mpaka ikakubali. Mafundi walicheka. "Kitu mupya kinakazaka," alisema. Nami nilicheka. Niliandika daftarini: imewekwa.

Alhamisi, 6 Novemba

Directeur amekwenda Lwiro kufunga pompi ya kijiji. Atarudi Jumanne. Ameniachia kazi: kila aina ya rulema iwe na kadi yake, ieleze inachaguliwaje na inatunzwaje. Papa Zihindula aliacha katalogi ya zamani ya Kifaransa, kurasa zimegandana kwa grisi. Nilizifungua kwa kisu cha mkate.

Nilianza na butée. Niliandika kwa Kiswahili ili kila fundi asome. Uliza kwanza uzito. Uliza kama unatoka upande mmoja au pande zote mbili, maana hizi zetu zinabeba upande mmoja tu. Uliza kasi, kwa sababu mhimili ukikimbia sana gololi zinataka kutoka kwenye njia yake. Usiitegemee kwa msukumo wa kando; hiyo ni kazi ya rulema nyingine. Grisi isijae. Niliona raha. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri.

Kisha ukurasa wa kumi na nne. Pete mbili za butée si mapacha. Moja ina tundu dogo, inabana mhimili na kuzunguka nao. Nyingine ina tundu kubwa kidogo, inakaa kwenye kiti chake, imetulia, na haitakiwi kugusa mhimili hata kidogo. Kwa 51206 tundu dogo ni milimita thelathini. Kubwa ni thelathini na mbili.

Milimita mbili. Jicho halizioni kama halijaambiwa.

Nilikwenda kwenye kopo na kipimo cha taya, kinachosoma hata milimita moja. Pete mbili zilizobaki. Ya kwanza: thelathini na mbili. Ya pili: thelathini na mbili. Nilipima mara tano. Nilifuta kipimo, nikapima tena.

Kwa hiyo zilizotoka ni thelathini na thelathini. Pete ya chini, inayotakiwa kusimama, imebana mhimili unaozunguka.

Sasa najua kwa nini nyundo.

Ijumaa, 7 Novemba

Sikusema kitu. Mimi ni mwoga. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Siku zangu za kujaribiwa ni miezi mitatu, na sijafika hata nusu. Tulikuwa watu wengi tulioomba nafasi hii, wote na diploma zetu kwenye bahasha. Mama anawaambia wauzaji wenzake wa soko la Kadutu kwamba mtoto wake anafanya kazi bureau, ofisini kabisa. Nilimpigia Directeur mara nne. Simu haiiti. Kila iliposhindwa nilishukuru, na hilo ndilo linaloniaibisha zaidi.

Jioni nilishuka kwa njia ya miguu ili nipite kwenye chumba cha pompi. Mlinzi wake ni Tonton Bisimwa, mtu wa maneno mengi. Nilimwuliza kama mashine iko na joto. Akaonyesha birika lake: ameliweka juu ya mfuniko wa chuma, palepale butée ilipo.

"Iko joto kama mutoto wa malaria," alisema. "Tangu juzi sijawasha jiko la makala. Muliniletea mashine na jiko lake. Mungu awabariki."

Alinimiminia chai. Ilikuwa ya moto kabisa. Nilishindwa kuimeza.

Niliweka kiganja kwenye chuma, nikahesabu. Nilivumilia hadi nane.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwambia Papa Murhula.

Nilijiandaa njia nzima. Nilibeba katalogi, kipimo na zile pete mbili kwenye kitambaa. Alikuwa anakula mihogo na wenzake. Nilimwomba tuongee pembeni. Akasema hana siri na mademoiselle, niseme hapo hapo. Nikasema. Kwamba niliosha pete nikazichanganya. Kwamba nilimpa mbili za tundu dogo. Kwamba ile ya chini inasugua mhimili na chumba kinapata joto.

Alipangusa mikono taratibu.

"Weye mutoto, mimi nilianza kufunga pompe mbele ya mama yako kuolewa. Karatasi haiyazungushaka pompe hata siku moja."

Nikamwonyesha ukurasa. Hakuuangalia.

"Sawa. Mademoiselle Catalogue akuye afunge. Sisi tutamushikia taa."

Walicheka. Masikio yangu yaliwaka. Sikuondoka, sijui kwa nini. Nilibaki nimesimama na kitabu changu kimefunguliwa kama mtu anayeimba kanisani. Waliponyanyuka alinisogelea, akaongea chini chini. Directeur alikwisha kumkataza nyundo. Mara mbili, kwa barua. Imebaki miaka miwili apumzike.

"Utasema rulema. Na nyundo, utaisema pia?"

Akasema tungoje Directeur arudi Jumanne, masista wana wagonjwa wengi, pompi haizimwi mchana wala usiku tangu tangi kubwa lipasuke. Katangi kadogo kalikobaki kanashika maji ya masaa manne tu. Yote ni kweli.

Nilipita kwa Tonton Bisimwa. Kiganja: hadi tano.

Jumapili, 9 Novemba

Misa ya kwanza. Padri alihubiri juu ya watumishi waaminifu katika madogo. Nilikasirika. Milimita mbili si jambo dogo.

Baadaye nilikwenda kwenye pompi na viatu vya kanisa. Hadi tatu. Chini ya mfuniko grisi inatoka, nyeusi, inanuka kama maharage yaliyoungua. Na kuna sauti mpya, nyembamba, inakuja na kuondoka. Tonton Bisimwa anaisikia pia. Anasema pompi imeanza kuimba.

Nilisoma tena sura nzima nyumbani. Pete ikishika kabisa, mhimili utasimama ghafla huku mota inasukuma. Gurudumu la ndani linalosukuma maji litavunjika. Gurudumu la aina ile halipo Bukavu. Halipo hata kwenye lori la Sange.

Nilipanda hadi ua wa maternité nikakaa kwenye ukuta. Maji yalikuwa yanatoka kwenye robine mbili. Mama mmoja alikuwa anafua vitambaa vya mtoto wa siku moja, anavikamua, anavitundika, anavihesabu. Robine ilikuwa wazi tu. Hakuna aliyeiangalia. Maji yanayokuja kila siku hayaangaliwi.

Jumanne ni mbali.

Naogopa. Nitaenda kesho.

Jumatatu, 10 Novemba

Naandika yote kwa mpangilio.

Saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Sista Bénédicte, mkuu wa maternité. Mfukoni kitambaa chenye pete mbili na kikapu cha mwisho cha 51206. Alidhani nimeleta mtu wa kujifungua. Nikamwambia naomba pompi izimwe kwa masaa mawili, leo.

"Nani amekutuma?"

Hakuna, nilisema.

"Directeur wako anajua?"

Hajui, yuko Lwiro, simu haipiti.

Aliweka kalamu chini. "Na kosa ni la nani?"

"Ni langu, Sista. Mimi njo nilichanganya vyuma. Pompe ikiendelea vile itavunjika, na hatutapata ingine."

Nilikuwa nimeandaa sentensi ndefu zenye kuomba radhi. Hazikutoka. Zilitoka hizo tu.

Sista akauliza kwa nini nisingoje kesho. Nikamwambia kuhusu kiganja: nane, tano, tatu. Leo asubuhi, moja. Hilo ndilo lililomfanya asimame. Alisema wana mama wawili wa kupasuliwa mchana, kwa hiyo ni saa nne mpaka saa sita, hata dakika moja isizidi.

Nilirudi karakana mbio. Papa Murhula alikuwa anapanga funguo zake za nati mezani. Nikamwambia Sista amekubali, pompi inazimwa saa nne. Aliendelea kupanga. Basi nikasema kama haji, anipe funguo nitafungua mwenyewe. Nilisema hivyo. Mimi. Sijawahi kufungua hata robine ya nyumbani.

Alichukua mfuko wake wa vyombo na mnyororo wa kuinulia, akatoka. Njia yote alikuwa mbele. Sikuweza kumfikia.

Juu hospitali walikuwa wamejipanga. Wapishi, ndugu wanaouguza wagonjwa, wasichana wa kufua, hata mama wenye matumbo makubwa. Mabeseni, bidoni, masufuria, ndoo ya kubatizia. Vyote vinajazwa. Saa nne kamili Tonton Bisimwa alizima. Ukimya ule ulinishtua kuliko sauti. Akaondoa birika lake kwa heshima.

Tulingoja chuma kipoe. Dakika ishirini. Kisha Papa Murhula akafungua mfuniko, akainua mhimili kwa mnyororo, na grisi ikadondoka kama kahawa iliyobaki chini ya kikombe. Kikapu kimelika, gololi zimepoteza mng'ao. Pete ya chini aliitoa kwa shida. Pale ilipokuwa imebana, mhimili ulikuwa na mkanda wa rangi ya buluu, rangi ya chuma kilichoungua.

Alipitisha kidole gumba juu ya ile buluu. Mara moja. Akarudia.

"Leta ile karatasi," alisema.

Nilimfungulia ukurasa wa kumi na nne. Aliusoma wote, midomo ikitembea. Kisha akaniomba kipimo, akapima mwenyewe. Thelathini. Thelathini. Akapima zangu. Thelathini na mbili.

Pete ya juu ilikuwa salama, njia yake safi; aliipitisha kucha, haikukwama popote. Nikasema kwa hiyo tuitumie na kikapu kipya na moja ya zangu. Akauliza, ipi? Sikuelewa. Zangu zote mbili ni thelathini na mbili. Akazigeuza kwenye mwanga wa mlango, ukingo juu.

"Muzee Zihindula alikuwa anazitia alama na sindano. Nukta moja na nukta moja, hao ni bwana na bibi. Nukta mbili na nukta mbili, bwana na bibi. Alisema chuma kilichozaliwa pamoja kizeeke pamoja." Akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Hakukuambia?"

Hakuniambia. Hakuna aliyemwuliza. Na mimi nilizisugua nukta hizo nikiziita uchafu.

Pete ya juu ilikuwa na nukta mbili. Moja ya zangu pia. Asante Mungu hazikutoka.

Alisugua ile buluu kwa karatasi ya mchanga mpaka mhimili ukawa laini, akaosha kila kitu kwa esanse. Pete mpya ya chini aliishika kwa vidole viwili juu ya kiti chake, akaiachia. Iliingia kwa uzito wake yenyewe. Nyundo ilikuwa mfukoni, haikutoka. Pete ya juu aliipasha kwenye mafuta ya moto, ikapanuka, ikashuka kwenye mhimili taratibu kama pete ya ndoa. Kikapu katikati. Alitaka kujaza grisi. Nikasema nusu tu, ikizidi nayo inaleta joto. Akatia nusu.

Tulizungusha kwa mkono. Haina mkwaruzo.

Saa sita kasoro dakika saba Tonton Bisimwa aliwasha.

Papa Murhula aliweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, macho amefumba. Mafundi wote hufanya hivyo, nimewaona, ila hawajawahi kunipa nafasi. Akanipa bisibisi.

"Sikiliza."

Nilisikia mvua ya mbali. Mvua tu, bila upepo.

Juu, robine zilikohoa, zikatema hewa, zikatoa maji.

Jumanne, 11 Novemba

Directeur amerudi. Nilimpa ripoti ya ukurasa mmoja kabla hajavua koti. Kila kitu kipo: bati, esanse, makopo, pete mbili za tundu dogo, kwenda kwa Sista bila ruhusa. Nyundo sikuiandika. Niliona si yangu kuiandika.

Alisoma amesimama. Alikasirika. Alisema depo si jiko la mama yangu ambamo vijiko vinakaa na vijiko. Alisema nilipaswa kuuliza siku ya kwanza. Ni kweli. Ataniandikia barua ya onyo, itakaa kwenye faili, na miezi yangu mitatu inaanza upya leo.

Nilisema ndiyo, Directeur.

Papa Murhula alikuwa mlangoni, sijui tangu lini. Alivua kofia.

"Andika ya pili, Directeur. Pete ilikataa, nikaipiga nyundo. Chuma kilinionya, mimi nikakatalia. Huyu mutoto njo alikuja kunirudisha."

Barua mbili, basi. Ya kwake ni ya tatu. Hakuna aliyefukuzwa. Nililia nyuma ya rafu ya mikanda, kidogo, kisha nikanawa uso.

Jumatano, 12 Novemba

Makopo yote yamefunguliwa tena. Kazi ya wiki mbili naibomoa kwa mkono wangu. Kila kipande kimerudi kwa wenzake: pete ya mhimili, kikapu, pete ya kiti, zimefungwa pamoja kwa karatasi yenye mafuta na uzi. Natafuta nukta kwanza, kisha napima. Zisizo na nukta nazitia mwenyewe. Nimeazima sindano ya mama. Ameniuliza nashona nini.

Pete zenye nukta moja zimebaki bila kikapu, na ya tundu dogo imeungua. Kadi yake inasema: haitumiki. Sikuitupa. Iko mezani, inashikilia karatasi.

Mafundi bado wananiita Mademoiselle Catalogue. Leo mmoja alikuja kuuliza ukurasa wa grisi.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua nyepesi. Nilishuka kwa njia ya miguu.

Tonton Bisimwa amewasha tena babula, jiko lake la mkaa; mkaa umelowa, anapuliza na kulalamika. Anasema mashine imeharibika, haichemshi hata kikombe.

Niliweka kiganja kwenye chuma. Nilihesabu hadi sitini, kisha nikaacha kuhesabu.

Akanimiminia chai. Ilikuwa vuguvugu. Niliinywa yote.